Shika Kiti, Achia Usukani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja neema mbili ambazo watu wengi huingia hasara kwazo, nazo ni afya na wasaa. Hadithi hii twaisoma sana mbele ya vijana, ilhali wenye kuihitaji zaidi, nionavyo mimi, ni wazee waliostaafu. Kijana huutafuta wasaa wake katikati ya shughuli. Mstaafu hupewa wote kwa pamoja, asubuhi moja, akaambiwa: huu hapa, ni wako.

Tangu mwaka 2009 watumishi wa umma nchini Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60, badala ya 55 kama zamani. Mitaani mwetu, kuanzia Kibokoni hadi Mkanyageni, wako wengi waliomaliza muda wao Kilindini, mashuleni na maofisini. Siku zao twazijua. Baada ya swala ya alfajiri ni chai, mahamri na mbaazi. Baada ya adhuhuri ni usingizi kidogo. Baada ya alasiri ni barazani, kahawa tungu na dhumna mpaka magharibi. Hapana ubaya katika hayo, kwani mja amefanya kazi na sasa apumzike. Lakini wake zao hunieleza, kwa mzaha ulio na ukweli ndani yake, kwamba bwana aliyestaafu sasa ahesabu vitunguu jikoni, na kila mtoto aliyeoa hupigiwa simu mara tatu kwa siku kuulizwa kwa nini hili na kwa nini lile.

Kwa wazee hawa nina pendekezo dogo: mfundisheni mjukuu kuendesha baiskeli.

Wengi wetu tuliokulia Mji wa Kale tulijifunza alasiri, tukitoka chuoni, juhudhuu bado ziko mkononi. Baiskeli ilikuwa ya kukodi kwa dakika chache, tena ya mtu mzima. Kwa kuwa kiti hatukifikii, tulipitisha mguu chini ya bomba tukaenda upande upande kama kaa. Magoti yalichubuka, na mama alitia dawa huku akigomba. Baadaye tukawa baba, tukawafundisha wanetu katika uwazi wowote tulioupata, Makadara au mbele ya Ngome ya Yesu, mapema kabla ya watu kuwa wengi. Baba alikuwa akikimbia nyuma, kikoi amekipandisha, mkono mmoja kwenye kiti, pumzi zamkatika. Mtoto alipaza sauti, "Baba, usiniachie!" na baba alijibu, "Sikuachi!" Kisha ikaja ile siku ambayo mtoto aligeuka akamwona baba yuko mbali, amesimama, mikono mitupu.

Leo vichochoro vimejaa tuktuk na pikipiki, na baba wengi hurudi kazini usiku. Watoto wanazo baiskeli, wengine za rangi za kupendeza, lakini hakuna wa kukimbia nyuma yao. Mwenye wasaa huo ni babu.

Ikiwa magoti ya babu hayawezi kukimbia, ipo njia nyepesi. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais aliunda chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, na mpandaji alijisukuma kwa miguu yake. Hicho ndicho babu wa baiskeli zetu, na kwa mtoto anayeanza bado kina mafunzo. Zifungue pedeli kwa spana, ukikumbuka kwamba ile ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia. Teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Mwache ajisukume, ainue miguu, auonje mizani. Akishaweza kuserereka bila kuyumba, rudisha pedeli. Mfundishe breki kabla ya mwendo. Mwambie atazame mbele, asilitazame gurudumu.

La muhimu kuliko yote: ukimshika, shika kiti, usishike usukani. Mwenye kushika usukani humnyima mtoto mizani yake. Baiskeli itakwenda, naam, lakini aiendeshaye ni wewe. Mkono ukiondoka, mtoto huanguka hapo hapo, kwa sababu hakuna alichojifunza ila kubebwa.

Hapa ndipo ninapotaka wazee wenzangu tutue kidogo. Wako waliostaafu kazi lakini hawajastaafu usukani. Kijana ana mke na watoto wawili, na bado baba ndiye aamuaye wasome shule gani, wakae mtaa gani, na mkaza mwana apike nini Ijumaa. Baba hufanya hivyo kwa mapenzi, simlaumu nia yake. Lakini nyumba ngapi tumeziona zikiyumba, na mke akirudi kwao, kwa sababu mikono miwili tofauti imeshika usukani mmoja?

Tumtazame Nabii Yaaqub (A.S.). Wanawe walipokuwa wakisafiri kwenda Misri, katika Sura ya Yusuf, aliwausia wasiingie kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Kisha akasema kwamba hawezi kuwafaa kitu mbele ya amri ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kwake Yeye ndiko alikotegemea. Aliusia, akatawakali, akawaacha waende. Hakuwafuata njiani. Huo ndio mkono wa kwenye kiti.

Neno la mwisho ni kuhusu mabinti. Mara nyingi kaka hujifunza, na dada hukaa mlangoni akitazama, kwa kuwa si vyema kufundishwa na vijana wa mtaani. Sawa, lakini babu yake je? Yeye ni maharimu wake, ana wasaa, na ana haya ya kumchagulia mahali pa sitara na saa isiyo na watu. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa mara ya kwanza na akashinda mara nyengine, na jambo hilo likawa furaha baina yao. Haifai sisi tuwe wakali kuliko yeye. Nguo ya kujisitiri isiyonaswa na mnyororo ipo, na nia njema ipo. Kilichobaki ni mtu wa kumshikia kiti.

Basi Jumamosi hii, baada ya alasiri, dhumna ingoje. Na jioni, mwana akipiga simu kutaka shauri, mpe shauri moja, umwombee dua, uache aamue yeye.

Mwenyezi Mungu atujaalie wazee wenye mikono ya kusaidia, na atuhifadhie watoto wetu njiani na majumbani mwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.