Chema Chajiuza, Lakini Nani Anahesabu?

Juzi kijana mmoja anayefundisha katika chuo kikuu alinijia na jarida mkononi. Ndani yake mlikuwa na makala yake juu ya semi za wavuvi, aliyoiandika kwa Kiswahili safi. Nilipompongeza, alicheka kwa uchungu. “Mzee,” akasema, “nikiomba kupandishwa cheo naulizwa makala imetajwa mara ngapi mtandaoni. Hii yangu ina sifuri.”

Jambo hilo lilinikera, nami naona yafaa tulizungumze waziwazi.

Hesabu hizi hazikuanza leo. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alitoa faharasa ya kuonyesha ni makala gani imetajwa na makala gani. Shabaha yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kuyapata maandishi anayoyahitaji, wala si kugawa vyeo. Mwaka 2010 Jason Priem na wenzake wakatangaza kwamba kutajwa na wasomi peke yao hakutoshi, kwani huchukua muda mrefu na hakuonyeshi kama watu wengine wamefaidika. Siku hizi kampuni kama Altmetric ya London hukusanya yanayosemwa juu ya makala magazetini, katika Wikipedia, katika hati za sera na mitandao ya kijamii, kisha huipa makala alama.

Sipingi jitihada hiyo. Ni vema mtafiti wa malaria ajue kama kazi yake imewafikia wanaotunga sera. Lakini kuvuma si kufaa. Mwaka 1998 Andrew Wakefield aliandika katika jarida la Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa kuwatazama watoto 12 tu. Makala hiyo ilitajwa mno, na wengi walioitaja walikuwa wakiikosoa. Mwaka 2010 jarida likaifuta. Hesabu haikujua kutofautisha sifa na lawama.

Isitoshe, mashine hizi huitambua makala hasa kwa nambari yake maalumu, kama ile iitwayo DOI. Jarida lisilo na nambari hizo ni kama mtu asiye na kitambulisho. Yupo, lakini hayumo daftarini. Na je, mwalimu anayeisoma makala ya kijana wangu mbele ya darasa, au mtangazaji anayeisimulia redioni, nani atamhesabu?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiwapima wasomi wetu kwa kujitembeza, watakiacha Kiswahili na kuyaacha mambo ya kwetu, wakaandike yale yanayopendwa ng’ambo. Hata wataalamu wa vipimo waliliona hilo. Mwongozo wao wa Leiden, uliotolewa mwaka 2015, unataka utafiti wenye manufaa mahali ulipofanyiwa ulindwe, hata ukiwa haukuandikwa kwa Kiingereza.

Basi nasema mambo mawili. Wahariri wa majarida yetu wajitahidi kuzipatia makala nambari hizo, ili zionekane. Nazo kamati za kupandisha vyeo zifanye kazi ngumu zaidi: zisome makala zenyewe.

Mimi niliisoma ile ya kijana wangu usiku uleule. Nilijifunza semi tatu ambazo sijapata kuzisikia maishani mwangu. Asubuhi nilimpigia simu nikamwambia, “Mwanangu, sasa andika ya pili.”