Tooth, teeth na meno yetu

Jamani, leo semina nzima imenicheka eti nimesema "tooths". Haya, nimekosea. Ila wanaodai Kiingereza hakina mpango wowote, hapo nakataa. Zamani sana wingi wa tooth uliishia na silabi yenye i. Hiyo i ikaivuta irabu iliyoitangulia, halafu yenyewe ikadondoka. Ikabaki teeth. Feet na mice hivyo hivyo. Yamepona kwa kuwa watu waliyatamka kila siku. Book halikupona: wingi wake wa kale, bec, ulishakufa, sasa ni books tu.

Na sisi je? Jino, meno. Ma- ilikutana na -ino, a na i zikazaa e. Mdogo wangu bado anasema "majino", na nyumbani hakuna anayemcheka kihivyo.