Mashine Tunaiogopa, Mzee Tunampora

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya majuma matatu. Si uvivu, ni kazi za watu, na stima (wakazi wenzangu wa Kimbo wananielewa). Leo sina habari za hifadhidata wala za PHP. Leo nina ugomvi, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Nina rafiki, prodyuza hapa Ruiru. Studio yake ni chumba kimoja: kitanda, kompyuta, spika mbili, na blanketi dirishani kupunguza honi za matatu. Humo ndimo anapotengenezea biti za hip-hop kwa vijana wa kuanzia Githurai hadi Thika. Kazi yake kubwa ni kusampo, yaani kukata kipande cha rekodi ya zamani, sekunde mbili tatu hivi, kukibadilisha kasi, kisha kukirudiarudia juu ya ngoma mpya. Mwaka jana alitoa biti mbili ambazo zimenikosesha usingizi. Ya kwanza ilikatwa kwenye saksafoni ya rekodi moja ya jazi ya Kimarekani. Ya pili ilikatwa kwenye gitaa la benga la Kikuyu la mwaka 1974, kutoka kwa faili niliyompa mimi.

Biti ya saksafoni haikumaliza saa nzima YouTube kabla ya dai la hakimiliki kufika. Rafiki yangu aliingiwa na baridi, akaifuta usiku uleule. Ya gitaa ikakaa miezi minane na hakuna aliyeuliza. "Umeona?" akaniambia. "Hii haina mwenyewe."

Haina mwenyewe kwa mujibu wa nani? Kwa mujibu wa mashine! Tuitazame basi hiyo mashine, maana watu huizungumzia kama mganga. Content ID ya YouTube ilianza mwaka 2007. Mwenye haki hupeleka rekodi yake, mfumo unaitengenezea kitu mfano wa alama ya kidole, na kila video inayopandishwa inalinganishwa na ghala la alama hizo. Jinsi Content ID inavyofanya kazi ndani ni siri ya kampuni, lakini njia ya Shazam ilichapishwa na Avery Wang mwaka 2003 na yeyote anaweza kuisoma: unageuza sauti kuwa picha ya masafa na muda, unachukua vilele tu, unahesabu umbali kati ya kilele na kilele. Niliiandika kwa Python Jumamosi moja. Ilitambua gitaa letu hata nilipochanganya na kelele za stendi ya Thika. Nilipopandisha sauti kwa nusu-toni mbili, ikapotea kabisa. Kwa hiyo mashine hiyo haijui muziki wala haki. Inajua kilichomo ghalani, na ghalani huingii kwa kubisha hodi. Lazima uwe na kampuni au msambazaji wa kukupeleka. Wazee wengi wa benga hawana.

Ndiyo maana nasema kinachotuzuia kuiba si heshima, ni hofu. Jazi ya Marekani tunaiacha kwa sababu ina mlinzi getini. Ya hapa nyumbani tunaichota kwa karai.

Msinielewe vibaya. Sipingi kusampo. Muziki wetu wote ni wa kuazimana. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, O.K. Jazz ya Franco, hakuna iliyopiga jazi ya New Orleans. Waliazima neno, wakalijaza rumba na benga. Gitaa lenyewe la benga linaiga nyatiti. Mwimbaji wa mugithi katika baa yoyote ya Ruiru anapiga nyimbo za wengine usiku kucha na gitaa moja, lakini mkae mkijua kwamba kila mlevi pale ndani anajua huu ni wa Kamaru na ule ni wa Musaimo. Jina halipotei. Sisi wa kompyuta ndio tunaolipoteza, na nitawaambia linapotelea wapi.

Kreti ile ya santuri ilikuwa ya mjomba wangu Thika. Nilizigeuza kuwa mp3 wikendi moja, nikazipa majina benga01 hadi benga38. Kwenye lebo ya kila santuri limeandikwa jina la wimbo, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mtunzi. Faili ya mp3 ina nafasi ya jina hilo, inaitwa TCOM. Ina nyingine, TSRC, ya msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Niliziacha tupu zote. Mimi! Mtu ninayewakemea vijana kazini wanaofuta faili ya leseni kwenye maktaba ya programu huria. Leseni ya MIT inakuruhusu karibu kila kitu, uza, badilisha, ficha msimbo, ila inadai jambo moja: ilani ya hakimiliki, yenye jina la mwenye kazi, ibaki. Tunalitii hilo kwa mistari arobaini ya JavaScript. Kwa gitaa la mtu tunaandika benga07.

Mama yake rafiki yangu ndiye aliyetuumbua. Alikuja kutoka Thika, akasikia biti, akasema huyo ni fulani, ana duka la misumari na rangi Makongeni. Tulikwenda, nikiwa na woga wa kudaiwa. Mzee akasikiliza kwa simu, akaomba irudiwe. Hakutaja pesa. Aliuliza, "Mliitoa wapi? Mimi mwenyewe sina." Alirekodi, akalipwa mara moja, siku ileile, akapanda basi akarudi nyumbani. Nakala yake iliibwa mwaka fulani hata haukumbuki. Wimbo alioutunga na kuupiga kwa vidole vyake ulikuwa kwenye kompyuta yangu, bila jina lake.

Sasa najua wataniambia habari za sheria. Haya, tusome sheria. Hakimiliki ya rekodi ya sauti Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1974 ililindwa hadi mwisho wa 2024. Rafiki yangu alifurahi sana kusikia hivyo! Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu miaka ya sabini ndiyo miaka ya neema ya benga, na kila Januari sasa kapu jingine la rekodi hizo linaachwa wazi. Lakini utunzi ni kitu kingine. Huo unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 zaidi. Mbaraka alifariki Januari 1979, kwa hiyo hesabu inafika mwisho wa 2029. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018. Hesabu yake ni hadi 2068. Na kifungu cha 32 cha sheria ya 2001 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, hata kama aliuza kila kitu kingine. Mawakili watabishana kama sekunde tatu ni utunzi. Wabishane. Kuandika jina hakuhitaji wakili.

"Ni sekunde tatu tu." Hakuna popote sheria hiyo inapotaja idadi ya sekunde za bure. Tuiache hiyo.

"Hata Wamarekani waliiba kwanza." Ni kweli, halafu wakafanya nini? Kundi la Us3 la London lilibambwa likisampo Blue Note bila ruhusa. Kampuni ikawafungulia ghala, na mwaka 1993 ikatoka Cantaloop, juu ya Cantaloupe Island ya Herbie Hancock ya 1964. Beastie Boys walilipia leseni ya rekodi ya filimbi ya James Newton kwa ajili ya Pass the Mic ya 1992. Newton alishtaki kuhusu utunzi akashindwa, mahakama ikisema noti zile tatu ni kidogo mno. Nadhani alionewa, lakini angalau dunia inajua filimbi ni ya nani. Na Kanye West alipoikata Kothbiro ya Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya sabini, kwa wimbo wake Yikes wa 2018, Ayub Ogada na James Mbarack Achieng waliandikwa kama watunzi. Ogada alifariki Februari 2019. Mtu wa Marekani ameliandika jina la Mjaluo, na sisi tulio mwendo wa matatu moja kutoka Makongeni tunasema hatukumpata mwenyewe!

Wapo wanaofanya vizuri. Mjukuu wa Kamaru, anayejiita KMRU na anayetengeneza muziki wa kielektroniki, amekuwa akisafisha rekodi za babu yake na kuzitoa Bandcamp kwa jina la babu. Hilo halikuhitaji wizara.

Sisi tumeandikiana karatasi na mzee: robo ya kitakachoingia ni yake. Hadi leo kilichoingia hakifikii nauli ya kwenda kumpelekea. Jina lake liko kwenye maelezo ya biti, na nilimpa wimbo kwenye flashi, pamoja na redio ndogo inayosoma flashi, kwa sababu duka lake halina kompyuta.

Nimerudi kwenye kreti najaza TCOM, santuri moja baada ya nyingine. Nimefika ya kumi na tisa. Lebo tano zimechubuka hazisomeki kabisa. Kama nyumbani kwenu Thika, Gatanga au Murang'a yuko mzazi aliyezijua bendi hizo, niandikie. Nitakuja mwenyewe na spika, asikilize.