Idhini Kabla ya Bunduki



Hapa Isiolo wazee wangali wakizitaja zama za vita vya Shifta kwa jina la Kiborana, Gaf Daba, yaani siku wakati uliposimama. Hali ya hatari ilitangazwa Disemba 1963, uhuru haujatimiza mwezi. Watu wa Waso wakakusanywa kambini, Garba Tulla ikiwa mojawapo, na mifugo yao ikaangamia, mingine kwa risasi. Bunge nalo lilifanya nini? Mwaka 1970 lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda tangu 25 Disemba 1963 hadi 1 Disemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. (Ndugu zetu wa Lamu wasidhani jambo hili ni la bara peke yake.)

Katiba ya 2010 iliugeuza utaratibu huo. Ibara ya 241 yasema jeshi laweza kupelekwa kurejesha amani ndani ya nchi pale tu Bunge la Taifa litakapoidhinisha. Likisaidia wakati wa dharura au maafa, Bunge hupewa taarifa. Baina ya kuombwa idhini na kupewa taarifa pana masafa, na serikali hupenda njia ya mkato.

Februari 2023 jeshi liliitwa kuwakabili majangili wa mifugo, hata kwa jirani zetu wa Samburu: waziri alitangaza tarehe 13, Bunge likaidhinisha tarehe 15. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, jeshi lilitangazwa siku ile ile. Wabunge wakaidhinisha kesho yake. Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi aliliacha jeshi liendelee, ila akaiamuru serikali itangaze katika siku mbili kazi ya wanajeshi hao na muda wao. Maswali hayo yalikuwa ya wabunge kuyauliza, tena mapema.

Mtume (s.a.w.) kabla ya Uhud aliwashauri maswahaba. Rai yake ilikuwa kubaki Madina. Akaifuata ya waliotaka kutoka. Anashukiwa na wahyi, naye aliuliza kwanza, kisha ndipo akavaa deraya.

Uchaguzi ni 2027. Mheshimiwa akija barazani kwenu, muulizeni siku ile ya Juni alisema nini, na kama aliuliza wanajeshi watarudi kambini lini.