Tahadhari kwa Wazazi na Walimu wa Babati: Usaha wa Sikio Hula Usikivu

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Babati, mafua huingia madarasani. Kwa watoto, mafua hayaishii puani. Maambukizi hupanda kwenye mrija mfupi unaounganisha koo na sikio la kati, sikio huuma, ngoma yake hutoboka, usaha hutoka. Hapo maumivu hutulia, na wengi hudhani mtoto amepona. Hajapona. Usaha ukizidi wiki mbili, ugonjwa umekuwa sugu na usikivu unapungua.

Hapa kwetu hatari hii ina pa kujificha. Mtoto wa Bonga au Singe aliyelelewa kwa Kiiraqw au Kigorowa anaanza darasa la kwanza, haitikii. Mwalimu anasema Kiswahili bado hakijamkaa. Nyumbani wanasema ni mkaidi. Muhula unakwisha, masikio hayajaangaliwa. Tofauti ni hii: mgeni wa lugha hugeuka akiitwa jina lake, hata kama haelewi kinachofuata. Asiyesikia hageuki.

Mpime leo. Simama nyuma yake, umbali wa mkono, asione mdomo wako. Mzibe sikio moja, nong'ona maneno mawili matatu ya lugha ya nyumbani, ayarudie. Kisha sikio la pili. Akishindwa, au akitoka usaha, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya Mrara.

Usimtie mafuta, maji ya majani wala mkojo. Usimchokonoe kwa njiti ya kiberiti. Usinunue dawa ya matone kwa kukisia: baadhi zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kuua usikivu wenyewe. Kausha usaha kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, angalau mara tatu kwa siku, wala asiogelee.

Uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, kutapika, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja: hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Walimu, kofi la sikioni linaweza kupasua ngoma. Acheni. Viziwi wana shule zao, ya Tabora tangu 1963 na ya Buguruni tangu 1974, lakini anayesikia nusu yuko kwenye dawati lako. Mketishe mbele, sikio zima likuelekee. Usiongee ukiwa umegeukia ubao. Kazi ya nyumbani iandike, usiitaje tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayozuilika. Walimu wakuu, pimeni darasa la kwanza na la pili wiki hii. Mzazi wa kila mtoto aliyeshindwa kipimo au anayetoka usaha aitwe kabla ya Ijumaa, aondoke na barua ya kwenda hospitali.