Drifti: kuteleza kwa kutaka



Kijana mumoja aliniuliza kwenye mulango wa kanisa: «Pasta, niliona katika video motokari inapita kona kimbavumbavu, moshi inatoka kwa mapine. Shofere amekosa, ao anajua anachofanya?» Ni ulizo nzuri, na tujibu.

Anajua. Ile inaitwa drifti. Shofere anaingia kona na mbio, kisha kwa gazi ao kwa freni ya mukono anafanya magurudumu ya nyuma yaache kushika njia. Mukia unakimbia inje. Hapo anageuza usukani upande mwingine: kona inakwenda kuume, magurudumu ya mbele yanatazama kushoto. Muguu wake unapima gazi mpaka kona inaisha.

Mambo haya yalikomalia Japani. Kunimitsu Takahashi, aliyeanza na mashindano ya pikipiki, alijulikana kwa kuteleza hivyo katika miaka ya 1970. Keiichi Tsuchiya akamufuata, akajifunza kwenye njia za milima, na video yake ya 1987 ikaeneza mambo. Tangu 2001 kuna mashindano yanayoitwa D1 Grand Prix. Kule si lazima kufika wa kwanza: waamuzi wanatazama mbio, namna motokari ilivyolala kimbavu, na njia iliyofuata.

Lakini angalia: pale njia imefungwa, shofere amevaa kofia ya chuma, hakuna mutu anayevuka. Kwetu iko mavumbi, changarawe, mama na beseni yake, mutu wa makala na kinga. Mimi mwenyewe niliteleza siku moja katika matope ya mvua. Niliogopa, nikakanyaga freni kwa nguvu, na motokari ikanibeba mpaka mufereji. Hakuna aliyekuwa pale; kama mutoto angekuwa pale, leo ningeandika nini?

Basi, kama mukia unakimbia bila wewe kutaka: ondoa muguu kwa gazi pole pole, usikanyage freni kwa nguvu, tazama pale unataka kwenda na geuza usukani kule. Usigeuze kupita kiasi.

Na wewe unayepewa ufunguo wa motokari ya baba siku ya yenga: Tsuchiya na wenzake waliteleza kwa kutaka. Lakini mutoto kando ya njia hakutaka. Umufikirie yeye kwanza.