Jiwe au mto wa kulalia?



Mwezi uliopita nilikuwa mgeni wa dada yangu mjini Geita. Asubuhi ya siku ya pili niliikuta nyumba imenuna. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, hakuwa akisema na mama yake, na simu ilikuwa imefungiwa kabatini. Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Usiku dada alimkuta kijana ameinamia simu, akadhani ni michezo ile ile ya kila siku, akamnyang'anya, akaifuta programu aliyoikuta imefunguliwa. Kumbe ndani yake mlikuwamo picha alizozichora kijana kwa majuma matatu, na zote zikapotea.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda wakamwona dada yangu ni mkali kupita kiasi. Wanaoishi Geita watamwelewa. Mwaka jana kijana huyo alionekana mwaloni siku ya shule, akisaidia kuosha mchanga wa dhahabu ili apate fedha ya bando. Mwaloni watoto hushika zebaki kwa mikono mitupu, kisha zebaki hiyo huchomwa motoni na moshi wake ukavutwa na kila aliye karibu, nao ni sumu inayodhuru ubongo na figo. Tangu siku ile, kwa dada, simu na mwalo ni njia moja. Sikumlaumu. Lakini nilimwomba kijana anieleze alichokuwa akichora.

Aliniambia ni sanaa ya pikseli. Kioo cha simu au cha kompyuta kimejengwa kwa nukta ndogo mno za mwanga, na kila nukta huitwa pikseli. Mchoraji wa aina hii huzikuza nukta hizo hadi ziwe miraba inayoonekana, kisha huijaza rangi mmoja baada ya mwingine. Sanaa hiyo ilizaliwa na uhaba. Kompyuta za zamani zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na wachoraji walilazimika kutosheka. Mashine ya mchezo ya Game Boy, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na kioo cha miraba 160 kwa 144 na rangi nne tu, zote za jamii ya kijani, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Kabla yake, mwanamke wa Kimarekani aitwaye Susan Kare alizichora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, na alianzia kwenye daftari la miraba kwa kalamu. Bibi huyo amepata kusema kwamba kazi ile inafanana na kudarizi na kupanga vijiwe vya nakshi ukutani.

Hapo ndipo nilipomwita dada. Yeye hufuma vitambaa vya viti na vya meza, juu ya kitambaa chenye matundu yaliyopangika, na kila ua analolitoa huhesabu matundu yake kwanza. Nilimsimulia habari za Susan Kare. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo anafuma, ila hana sindano?" Ndivyo hasa, dada.

Tukaanza upya kwa daftari la hesabu. Kwa anayejifunza, mraba wa 16 kwa 16 unatosha, maana una vyumba 256, na kosa huonekana mapema. Wanaoanza na picha kubwa huchoka kabla hawajajua walipokosea. Kijana alichora jiwe, mfano wa yale makubwa yaliyoko vilimani kwetu. Aliipaka giza kingo yote kuzunguka, akaacha mwangaza katikati. Dada akalitazama, akasema, "Mwanangu, hili ni jiwe au mto wa kulalia?"

Hakujua kwamba amelitaja kosa mashuhuri katika sanaa hii. Wachoraji wa pikseli duniani kote huliita kwa jina hilo hilo la mto, kwa sababu kitu kilichotiwa giza pande zote huonekana kimevimba kama kilichojazwa pamba. Akamtoa nje saa kumi jioni, akaweka jiwe juu ya kinu kilichopinduliwa, akamuuliza jua liko wapi. Upande ulioelekea jua uling'aa, upande wa pili ulikuwa na kivuli, na katikati palikuwa na rangi ya jiwe lenyewe. Hivyo basi, kabla hujatia rangi, amua mwanga unatoka wapi, tuseme juu kushoto, na usibadilishe uamuzi huo katikati ya kazi. Nusu ya elimu ya kivuli imo humo.

Nusu ya pili ni rangi, na hapo ndipo sanduku la nyuzi lilipotufaa. Kijana alitaka kupata kivuli kwa kuongeza weusi. Dada alimkataza, akasema weusi huua ua. Akatoa nyuzi tatu kwa ajili ya ukuta wa udongo mwekundu: wa kati mwekundu kama tofali, wa kivuli uliovutwa kuelekea zambarau, na wa mwanga uliovutwa kuelekea rangi ya chungwa. Sababu yake si ushirikina wa wafumaji. Mwanga wa jua la jioni huegemea umanjano, na mahali pa kivuli hupata mwanga kutoka anga la buluu. Tazama ukuta wa nyumba yako jioni utaona kivuli chake si cheusi. Kwa hiyo unapopanda kuelekea mwanga sogea upande wa manjano, na unaposhuka kwenye kivuli sogea upande wa buluu. Ngazi tatu zinamtosha mwanafunzi.

Simu humpa mchoraji rangi zaidi ya milioni 16, na wingi huo ndio unaowapoteza wengi. Dada hununua nyuzi kwa fedha yake, basi huchagua nne na kuzifikiria. Nami namshauri kijana yeyote ajiwekee sharti hilo kwa mwezi wa kwanza. Akipungukiwa na rangi ya kati, achanganye mbili kwa kupishanisha miraba, mmoja huu na mmoja ule, kama mkeka wa ukindu wa rangi mbili. Kwa mbali jicho litaziona kuwa ni rangi ya tatu. Mistari ya mviringo nayo ina siri yake: hesabu ya vyumba ipungue kwa utaratibu, vinne, vitatu, viwili, kimoja. Ukiruka kutoka vinne hadi kimoja kisha ukarudi vitatu, mviringo huota meno.

Najua suali linalowasumbua wazazi wengi: je, picha za viumbe wenye roho? Imepokewa kwamba Ibn Abbas (Radhi za Allah ziwe juu yake) alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha achore miti na visivyo na roho. Kuhusu picha za kiooni wanazuoni wana maneno yao, na kila familia imuulize sheikh wake. Kwa mwanafunzi, miti, mawe, mitumbwi ya ziwani na majengo ni mengi kuliko atakavyomaliza. Ipo pia khati ya Kikufi ya mraba, ambayo mafundi wa Iran na Asia ya Kati waliipanga kwa matofali ukutani karne nyingi zilizopita. Mtoto akijaribu kuliandika jina lake kwa mtindo huo kwenye daftari la hesabu, atatumia jioni nzima bila ya kuomba bando.

Akishazoea daftari, programu ya Piskel hutumika bure kwa intaneti. Picha ihifadhiwe kwa muundo wa PNG, na ikikuzwa ikuzwe mara mbili, mara nne, mara nane, kamwe si mara moja na nusu, la sivyo miraba hupotoka. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha huharibiwa kingo. Na nakala iwekwe pahala pengine, jambo ambalo nyumba ile imelijua kwa machungu.

Dada aliniuliza kama kuna riziki humo. Sikutaka kumdanganya. Wapo wanaolipwa kwa kuchorea michezo, lakini ni wachache, na kijana wa kidato cha pili asiache hesabu zake kwa tamaa hiyo. Hata hivyo, Jumamosi ile hakuna aliyemtafuta mwaloni.

Picha za majuma matatu hazikurudi. Dada alimwomba mwanawe radhi, kwa sauti ndogo, akiwa ameshika sindano. Simu ilitoka kabatini kwa masharti mawili: daftari kwanza, na baada ya Isha hairuhusiwi. Nilipokuwa nafunga mzigo kurudi, walikuwa wameinamia karatasi moja. Mama alikuwa na ua jipya la kitambaa cha meza ambalo jani lake moja lilikataa kukaa, na kijana alikuwa akimhesabia vyumba.